Mistari ya Chaki Chini ya Dirisha



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo mno: kivuli cha dirisha juu ya sakafu ya nyumba, na mtu anayeketi kukichora. Tumelichagua kwa sababu lilitufika sisi wenyewe katika ukoo wetu, tukatakiwa tulitolee hukumu kabla ya kulijua, na almanusura tuitoe hukumu hiyo kwa ujinga.

Mwaka uliopita umbu letu mdogo alifiwa na mumewe. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye miongoni mwa masomo aliyopenda kuyasomesha ni kuchora. Watoto wao wamekwisha kuoa na kuolewa, na wako mbali. Basi akakaa eda peke yake na msichana wa kumsaidia, miezi minne na siku kumi kama ilivyo katika sharia, katika nyumba yao ya Mji wa Kale, Mombasa, kwenye chumba cha ghorofani ambacho dirisha lake linaelekea mashariki, upande wa Bandari ya Kale.

Eda ilipoingia mwezi wa pili, shangazi yetu alitupigia simu usiku baada ya sala ya Isha. Huyu ndiye pekee aliyebaki katika wazee wetu, na apigapo simu saa hizo huwa hapigi kwa salamu tupu.

"Mwanangu," alisema, "kamtazame nduguyo. Watu waliokwenda kumhani wamerudi na maneno. Wameona sakafu yake imepigwa mistari ya chaki, na kando ya kila mstari pana tarakimu. Wanasema mjane apiga ramli. Mimi naona haya kumuuliza."

Tunakiri mbele yenu, wasomaji, kwamba usiku ule hatukupata usingizi, na tunakiri pia kwamba jambo lililotunyima usingizi halikuwa la kusifika. Hatukumfikiria mdogo wetu na upweke wake. Tulifikiria msikiti, darsa zetu za jioni, na watu watakavyosema kwamba sheikh anakataza ramli ilhali umbu lake anaipiga. Tukapanga maneno ya kumkemea. Tulikuwa nayo tayari kabla ya Alfajiri.

Asubuhi, kabla ya saa mbili, tulipiga hodi. Alitufungulia akiwa katika vazi lake la eda, uso umekonda. "Karibu, kaka," alisema, akatutangulia ghorofani. Na kweli, pale chini ya dirisha, juu ya sakafu ya saruji nyekundu, palikuwa na mistari ya chaki. Mingine ilikuwa imelala mshazari, mingine imekatana na ile ya kwanza, na kando yake pameandikwa 2.00, kisha 2.15, kisha 2.30. Karibu na mistari hiyo palikuwa na kiti cha zamani cha kusuka, na mbele ya kiti meza fupi yenye karatasi nene, kisanduku cha rangi za maji, brashi mbili, kikombe cha maji na kitambaa kikuukuu.

Tulimwambia tuliyoambiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. "Kaka, kaa kitako," alisema. "Ngoja robo saa, uione ramli inavyopigwa."

Tukakaa. Jua lilikuwa limepanda juu ya upande wa Nyali, na mwanga ukaingia dirishani, ukateremka ukutani, ukatandazika sakafuni. Vivuli vya nondo za dirisha vikaja vikalala karibu kabisa na mistari ya chaki iliyoandikwa 2.00, kana kwamba vinarudi mahali pake. Kisha tukaviona, kwa macho yetu, vikiiacha mistari ile na kuisogelea ile ya 2.15. Hapo tukaelewa. Kila mstari ulikuwa alama ya mahali ambapo kivuli cha nondo kilikuwa kimelala, na tarakimu ilikuwa saa yake. Hapakuwa na ramli. Palikuwa na mwalimu wa kuchora aliyekuwa akijaribu kukamata kitu kisichokaa.

Maneno yetu ya kukemea tukayameza. Tukamwomba atueleze kazi yenyewe, naye akatueleza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Mtu anayechora mtungi, alisema, anaweza kuuacha akaenda kupika, na akirudi jioni ataukuta pale pale. Lakini anayechora kivuli cha dirisha amepewa kitu kinachoondoka huku anakitazama. Katika kila saa moja jua husafiri angani nyuzi 15, yaani uzi mmoja kwa kila dakika nne. Mchoraji akichelewa kunoa penseli, tayari alichokuwa akikitazama kimekwenda zake. Kwa hiyo sharti kazi igawanywe.

Kabla jua halijafika huchora visivyosogea: miimo ya dirisha, kizingiti, ukuta, mguu wa kiti, ukingo wa mkeka. Hivi huvichora kwa utulivu, hata jana yake. Mwanga ukishaingia, huacha yote hayo na kuchora mipaka ya kivuli tu, kwa penseli, katika muda wa dakika tano, na papo hapo hutia alama ya chaki sakafuni, ili kesho aweze kujua kama amerudi saa ile ile. Kisha ndipo huja rangi. Na hapa alituambia jambo lililotushangaza. Katika rangi za maji, mwanga hauchorwi. Mahali penye mwanga ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa, na mkono hutia rangi kandokando tu. Ukipaka juu yake kwa pupa, hakuna rangi nyeupe itakayourudisha mwanga ule sawasawa. Mwisho, mwanga ukishaondoka, brashi huoshwa. Haongezi lolote kwa kubuni. Hungoja hadi kesho, saa ile ile.

"Na kesho kukiwa na mawingu?" tuliuliza.

"Basi hungoja kesho kutwa," alijibu. "Sina safari, kaka."

Tuliitazama karatasi na tukaona kwamba kivuli alichokipaka hakikuwa cheusi. Tulidhani amekosa rangi. Akatuambia tukitazame kile cha sakafuni, tena tukitazame kweli, si kwa kukumbuka kwamba kivuli ni giza. Tukainama. Ukweli ni kwamba kivuli kile kilikuwa chekundu iliyokolea, ile ile ya saruji, kimechanganyika na ubuluu mdogo. Sababu, alisema, ni kwamba nondo imezuia jua, lakini haikuzuia mbingu. Uwingu wa buluu unaendelea kuangaza kupitia dirishani, na ukuta mweupe unarudisha mwanga wake, na vyote hivyo huingia ndani ya kivuli. Mchoraji mwanagenzi hupaka kivuli cheusi kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa kilivyo. Aliyetazama hupaka anachokiona.

Kisha akachukua penseli akaishika karibu kabisa na sakafu, na kivuli chake kikawa na ukingo mkali kama uliokatwa kwa wembe. Akaanza kuisogeza polepole kuelekea dirishani, na kadiri ilivyokuwa mbali na sakafu ndivyo ukingo ulivyolegea, mpaka kivuli cha penseli kikafifia kikawa kama mvuke. Jua si nukta, alisema. Kwa macho yetu upana wake ni kama nusu ya uzi mmoja, na kwa hiyo kila kitu kinachozuia jua, kikiwa mbali na sakafu kwa mita moja, ukingo wa kivuli chake hulegea kwa upana wa kama sentimita moja. Ndiyo maana kivuli cha mguu wa kiti ni kikali pale unapogusa sakafu, ilhali nondo za juu za dirisha huacha alama laini. Mchoraji asiyelijua hilo hupiga kingo zote kwa rula, na picha yake ikawa kama ramani ya nyumba, haina asubuhi ndani yake.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tumeinama juu ya vitabu tangu utotoni, tumesomeshwa namna ya kuupima wakati wa Alasiri kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa uani, na tumewasomesha wengine. Walakini hatukupata kuinama kukitazama kivuli chenyewe kina rangi gani.

Tulimuuliza ameyapata wapi haya, kwa kuwa tunajua katika chuo cha ualimu hayasomeshwi kwa urefu huo. Akainuka, akaleta kitabu kipana cha picha kilichofungwa katika kanga. Marehemu mumewe alimletea zamani, meli yao ilipotia nanga Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Kitabu chote ni picha za mchoraji mmoja wa mji ule, Vilhelm Hammershøi, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1916.

Bwana huyu alichora mengi, yakiwemo majengo na mashamba, na katika picha nyingi za nyumbani kwake anaonekana mkewe, Ida, aghlabu akiwa ametupa mgongo. Lakini zile zilizomshughulisha mdogo wetu ni za vyumba vitupu. Kuanzia mwaka 1898 hadi 1909 mchoraji huyo na mkewe walikaa katika nyumba moja ya kale, nambari 30 ya barabara iitwayo Strandgade, iliyojengwa katika karne ya 17, na katika miaka hiyo nyumba ile ndiyo iliyompa picha zake mashuhuri kuliko zote. Hakwenda mbali kutafuta la kuchora. Alichora mlango, ukuta, dirisha, na mwanga wa dirisha ulipolala sakafuni. Rangi zake zilikuwa chache, nyingi za kijivu, na alikuwa akirudi kwenye dirisha lile lile mara baada ya mara.

Picha yake ya mwaka 1900, ambayo jina lake lina maana ya vumbi linalocheza katika miale ya jua, leo imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho iitwayo Ordrupgaard, karibu na Copenhagen. Ndani yake hamna mtu wala kiti. Pana dirisha, mlango uliofungwa kando yake, na miale inayoteremka mshazari hadi sakafuni, ambako umbo la vioo vya dirisha limelala kama nguo iliyoanikwa. Dirisha hilo hilo alilichora pia usiku wa mbalamwezi, na picha ya usiku iko New York. Chumba ni kile kile na dirisha ni lile lile. Kilichobadilika ni mwanga tu.

Tulipoitazama picha ile ya vumbi tulikumbuka chuo chetu cha utotoni. Tulipofika katika Suratul Furqan, kwenye aya ya 23, mwalimu wetu alitaka tulielewe neno habaa, lililotumika kwa amali zisizokuwa na uzito. Hakutufasiria kwa maneno. Alifunga mlango, akafungua ubao mmoja wa dirisha, jua likapenya, na ndani ya mwale ule tukaona chembe za vumbi zikielea, ambazo mkono ukinyooshwa kuzishika haushiki kitu. Wafasiri wa kale walilieleza neno hilo kwa mfano huo huo wa jua linaloingia kupitia kitundu cha nyumba. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 45 na ya 46, mwanadamu anaelekezwa akitazame kivuli kinavyotandazwa, na jua likafanywa dalili yake, kisha kikakunjwa kidogo kidogo. Tumeisoma sura hiyo mara zisizohesabika. Siku ile, kwenye mkeka wa mdogo wetu, tulitambua kwamba agizo la kutazama tulikuwa tumelisoma tu.

Aliendelea kutueleza kwamba haiwezekani kuiga kitabu kile kama kilivyo, kwa sababu jua la Copenhagen si jua la Mombasa. Mji ule uko karibu nyuzi 56 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa Disemba, jua la adhuhuri huko halipandi zaidi ya nyuzi 11 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo hata mchana huingia ndani ya chumba likafika hadi ukuta wa nyuma, kwa mwanga mnyonge wa kijivu. Sisi tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Mombasa jua huwa karibu na utosi, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, hupita juu yetu kabisa, hata nguzo ikakosa kivuli. Mwanga wa saa sita kwetu hauvuki kizingiti cha dirisha. Mchoraji wa kwetu basi hana budi kufanya kazi asubuhi, au baada ya Alasiri kwa mwenye dirisha la magharibi, na rangi zake haziwezi kuwa za kijivu. "Yeye alikuwa na majira ya baridi," alisema, "mimi nina sakafu nyekundu."

Hapo tukamuuliza lile tulilopaswa kumuuliza kwanza: kwa nini anafanya hivi?

Alikitazama kile kiti cha kusuka. "Usiku una nafuu, kaka, mtu hulala," alisema. "Mchana ndio mrefu. Marehemu alikuwa akimaliza chai huketi pale kusoma gazeti, na jua la saa mbili humwangukia miguuni. Majuma ya kwanza, jua likifika kwenye kile kiti, mimi nilikuwa nageuza uso. Nilifika hadi ya kulifunga dirisha, nikawa nakaa gizani asubuhi nzima. Sikujua ni siku gani wala saa ngapi. Siku moja nikajiambia, jua hili litakuja kila siku, na eda yangu bado, nitalifungia mpaka lini? Nikachukua chaki. Nilipolitazama kwa kazi, nikaweza kulitazama."

Wasomaji wetu, hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumekuja na hotuba, na jibu lililotolewa na mwanamke aliyekaa sakafuni lilikuwa limeikata.

Tuliporudi nyumbani tulimpigia shangazi, na kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kutapakaa, tunaona ni wajibu kuyaeleza na hapa, kwa faida ya wote. Sharia imemtaka mjane katika eda yake ajiepushe na mapambo, manukato, hina na wanja, na asiihame nyumba yake wala kutoka bila ya haja. Haikumtaka akae gizani, wala aketi mikono mitupu. Kazi ya halali afanyayo ndani ya nyumba yake, iwe ni kushona, kusuka, kusomesha au kuchora, haiivunji eda. Ama kuhusu picha zenyewe, tunajua kwamba wanazuoni wana maneno marefu juu ya kuchora viumbe vyenye roho. Lakini kivuli, dirisha, mti na nyumba havina roho, na wengi wao hawakuona ubaya katika kuvichora. Na kuhusu uvumi, Suratul Hujurat, aya ya 6, imekwisha kutuamuru tuhakikishe khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Waliokwenda kuhani waliona mistari, hawakuuliza, wakatoka na neno ramli. Nasi tuliopelekewa neno hilo tulilibeba usiku kucha, hatukuuliza.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi nitakwenda mwenyewe." Siku ya tatu akapandishwa ngazi zile huku ameshikwa mkono, akakalishwa juu ya kiti cha marehemu, mbele ya mkeka, na akangoja jua la saa mbili pamoja na mjane. Tuliambiwa hakusema neno mpaka kivuli kilipouvuka mstari wa tatu. Ndipo aliposema, "Miaka yote hii, mwanangu, nilikuwa nakikanyaga tu." Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulitaja lile neno mbele yake.

Jambo moja zaidi alituonyesha mdogo wetu, eda ilipokuwa inakaribia kwisha. Alizipanga picha zake zote sakafuni kwa tarehe. Za mwezi wa Juni zilionyesha kiraka cha mwanga kimelala upande wa kusini wa chumba, kwa sababu miezi hiyo jua huchomoza upande wa kaskazini wa mashariki, na mwanga wake huingia mshazari. Za Julai zilikuwa karibu sawa na hizo, kwa kuwa majira hayo jua hubadilika polepole. Kuanzia Agosti kiraka kikaanza kusogea upesi zaidi, juma kwa juma, mpaka mwanzoni mwa Oktoba kikawa kimenyooka mbele ya dirisha. Mombasa kibla chetu kiko kaskazini takribani sawasawa. Kwa hiyo katika miezi ile minne na siku kumi, bila ya yeye kukusudia, mwanga ulikuwa ukitoka kusini na kusogea upande wa kibla, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Alama za chaki za mwanzo zilikuwa zimeachwa nyuma zaidi ya hatua moja nzima.

"Nilidhani kila siku ni ile ile," alisema. "Kumbe hapakuwa na siku mbili zilizofanana."

Siku eda ilipokwisha alioga, akabadili nguo, akaifuta chaki sakafuni kwa maji, kisha akaenda kuwatazama wajukuu wake. Picha hakuzitupa wala hakuziuza. Moja ametupa sisi: sakafu nyekundu, mguu wa kiti, na kivuli cha nondo chenye buluu ndani yake. Tumeitundika katika chumba tunachoandikia makala haya.

Ndugu zetu, tunaomba tuchukue mambo matatu katika kisa hiki. La kwanza, tunapokwenda kuhani, tuache macho ya kutafuta dosari mlangoni. Ukiona usichokielewa nyumbani kwa mfiwa, muulize mwenyewe kwa upole, au nyamaza. La pili, tuwatazame wajane na wagonjwa walio majumbani mwetu, ambao mchana wao ni mrefu, na tuwaulize ni kazi gani mikono yao inaipenda. Karatasi na kisanduku cha rangi za maji huenda vikamfaa mtu kuliko sinia la kumi la biskuti.

La tatu ni la akina mama na watoto. Siku ya mapumziko asubuhi, mpe mwanao kipande cha chaki, mwonyeshe mahali jua linapoingia, na mwambie apige mstari penye ukingo wa kivuli, kisha aurudie baada ya robo saa. Muulize kivuli kina rangi gani, na usimkubalie akisema cheusi bila ya kuinama. Atakuwa amejifunza mwendo wa jua, maana ya nyakati, na adabu ya kutazama kitu kabla ya kukisema. Hiyo ya mwisho sisi tuliichelewa hadi tukafikia umri wa zaidi ya miaka hamsini, na aliyetufunza ni mdogo wetu, akiwa katika eda, kwa chaki ya senti chache.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na wafu wetu sote, na awape subira waliobaki nyuma. Tukutane juma lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.